Milima ya Usambara: likizo kati ya misitu, maporomoko ya maji na urithi wa Wakilindi

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kuelekea Moshi au Arusha huiona Milima ya Usambara kwa muda mrefu bila kuitazama. Baada ya kuipita Korogwe, upande wake wa kulia huinuka ukuta wa majabali na kijani kibichi, nao humsindikiza juu ya tambarare ya mkonge kupitia Mombo na Mazinde hadi karibu na mpaka wa Mkoa wa Kilimanjaro. Abiria wengi hulala, au husubiri kituo cha chakula. Wachache hushuka Mombo, wakapanda gari jingine na kuanza kupanda kona za barabara ya Lushoto. Makala haya yanaeleza kile ambacho hao wachache hukikuta, chimbuko lake, na namna mwananchi anavyoweza kuitumia likizo yake huko kwa manufaa yake mwenyewe na ya wenyeji wake.

Usambara si mlima mmoja. Ni safu mbili zilizotenganishwa na bonde la Mto Lwengera. Usambara Magharibi ndiyo kubwa zaidi, na humo imo miji midogo ya Lushoto, Soni, Bumbuli na Mlalo. Usambara Mashariki, iliyo karibu zaidi na Bahari ya Hindi, hufikiwa kwa kupitia Muheza, nayo ndiyo yenye msitu mashuhuri wa Amani. Safu zote mbili zimo katika Mkoa wa Tanga.

Milima mikongwe kuliko Kilimanjaro

Watanzania wengi wamezoea kulihusisha neno mlima na Kilimanjaro au Meru, yaani milima iliyojengwa na volkano. Usambara ina asili nyingine. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa safu 13 unaoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru na Uluguru, na kuishia Udzungwa. Miamba yake ni ya kale mno, nayo iliinuliwa na mipasuko ya ardhi mamilioni ya miaka kabla Kilimanjaro haijaanza kutoa moto.

Umri huo, pamoja na ujirani wa bahari, ndio uliozaa upekee wa misitu yake. Pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Zikigonga milima hupanda, hupoa na kuuachia unyevu huo kama mvua na ukungu. Kwa hiyo hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikageuka nyika, misitu ya Tao la Mashariki iliendelea kupata maji. Mimea na wanyama waliobaki humo walikaa kama wakazi wa kisiwa, wakatengana na ndugu zao wa mbali na kubadilika polepole hadi wakawa spishi mpya. Ndiyo maana Usambara ina viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Mfano ulio karibu na macho ni kinyonga. Wapo vinyonga wenye pembe wanaoishi katika milima hii na jirani zake tu, na wanasayansi walipohitaji jina la kundi zima la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki walilichukua kutoka katika lugha yetu wenyewe: Kinyongia. Mwingine ni mti mkubwa wa kamfa, ambao wenyeji huuita mkulo na ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, linaitaja milima hii. Wa tatu ni ua dogo la zambarau linalofugwa katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mwishoni mwa karne ya 19, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alituma mimea ya ua hilo Ulaya, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia ionantha. Watu wengi wanaolimwagilia maji kila asubuhi hawajui kwamba kwao ni Tanga, kwenye kivuli cha majabali yenye unyevu.

Lushoto na viunga vyake

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami. Umbali ni mfupi, lakini tofauti ni kubwa: chini kuna joto la tambarare, juu kuna hewa inayomlazimisha mgeni kutafuta sweta jioni. Barabara hupanda kando ya korongo la mto, na katikati ya safari hufika Soni, ambapo maporomoko ya maji huonekana karibu kabisa na barabara. Soni ni mji wa soko. Kabeji, karoti, nyanya, pilipili hoho na viazi vinavyoshushwa hapo kutoka vilimani huishia katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam, pamoja na plamu, peasi na pasheni kila moja katika msimu wake. Mgeni anayetaka kuielewa Usambara na aanzie kwenye soko kama hilo kabla ya kwenda kutazama mandhari, kwa kuwa soko humwonesha jinsi milima hii inavyolisha miji.

Lushoto yenyewe iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa utawala wa Wajerumani iliitwa Wilhelmstal na ilikuwa kituo cha utawala kilichopendwa kwa ubaridi wake. Baadhi ya majengo ya enzi hiyo bado yanatumika. Leo mji huu unajulikana pia kwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na kwa nyumba za wageni za viwango mbalimbali, kuanzia zile za bei nafuu karibu na stendi hadi mashamba ya zamani yaliyogeuzwa mahali pa kupumzikia.

Kutoka mjini mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi Irente, umbali wa kilomita chache kupitia vijiji na mashamba. Njia huishia ghafla kwenye ukingo wa jabali. Mbele ya msafiri ardhi inakatika, na takriban mita elfu moja chini yake inaonekana tambarare ya Mombo na Mazinde, barabara kuu ikiwa kama uzi na mashamba ya mkonge yakiwa kama mkeka wenye mistari. Ni hapo ndipo mtu aliyeipita milima hii mara nyingi akiwa ndani ya basi huiona barabara yake mwenyewe kwa macho ya mlimani.

Upande wa kaskazini wa mji kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 9,000, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ndani yake kuna njia za kutembea chini ya miti mirefu, mbega weusi kwa weupe wanaoruka kutoka tawi hadi tawi, kima, vinyonga na ndege wengi, akiwemo ndege mdogo wa sakafuni mwa msitu anayepatikana Usambara Magharibi pekee. Anayetembea kwa ukimya na subira huona zaidi ya anayetembea kwa haraka. Mbega hujulikana kwa sauti yake kabla hajaonekana, na kinyonga hupatikana kirahisi zaidi usiku, kwa kurunzi, akiwa amelala kwenye tawi na rangi yake imefifia.

Mlalo, Mtae na ukingo wa nyika

Mwenye siku mbili au tatu zaidi hana budi kuendelea kaskazini. Barabara hupita misitu ya Magamba na Shume. Shume ina historia yake: wakati wa Wajerumani mierezi ya huko ilikatwa na kuteremshwa kwa njia ya waya hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Msafiri anayeona mashamba ya miti ya kupandwa mahali palipokuwa na msitu wa asili anatazama matokeo ya zaidi ya miaka mia moja ya matumizi ya mbao.

Mlalo umekaa katika bonde pana, na nyumba zake za udongo zenye ghorofa na roshani za mbao ni alama ya mji huo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao hapo mwaka 1891, na tangu wakati huo makanisa, shule na hospitali vimekuwa sehemu ya maisha ya milima hii, sambamba na misikiti iliyoletwa na mahusiano ya muda mrefu na watu wa pwani. Katika vijiji vingi adhana na kengele husikika kutoka vilima vinavyotazamana.

Mtae, zaidi ya kilomita 60 kutoka Lushoto, ni kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na bonde kila upande. Kutoka hapo huonekana Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, Milima ya Upare na, siku ambayo anga imetakata, Kilimanjaro. Wageni wengi hujiuliza kwa nini watu wajenge ukingoni namna hiyo. Jibu limo katika kilimo cha kale cha Washambaa. Wao waliigawa dunia yao katika sehemu mbili: Shambaai, yaani nchi ya juu yenye mvua na migomba, na nyika, yaani nchi ya chini yenye joto na ukame. Kijiji kilichokuwa ukingoni kiliweza kulima kotekote. Mvua ikikosekana juu, mavuno ya chini yaliokoa. Chini kukikauka, migomba ya juu ilibaki. Hivyo ukingo huo, ambao kwa mgeni ni mandhari ya kupigia picha, kwa mwenyeji ulikuwa akiba ya chakula.

Vuga na habari za Wakilindi

Hakuna ziara ya Usambara iliyokamilika bila kumsikia mzee akisimulia habari za Mbegha. Masimulizi husema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Alizaliwa akiwa kigego, meno ya juu yakitangulia kuota, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi, na baada ya kugombana na jamaa zake juu ya urithi alikimbilia milimani pamoja na mbwa wake. Huko aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na wao wakampa vyakula vya shambani. Alipomuua simba, Washambaa walimfanya mtawala wao. Ndipo likaanza jina la enzi la watawala wa Usambara, Simba Mwene, na ukoo wa Wakilindi ukaweka makao yake Vuga, si mbali na Soni.

Wanahistoria wameona kwamba kisa hiki ni zaidi ya hadithi ya kuburudisha. Kinaeleza mapatano: mtawala huleta nyama na ulinzi, wananchi huleta mazao na utii. Katika fikra za Washambaa mtawala aliyekuwa na nguvu na haki aliiponya nchi, na mvua ikanyesha. Watawala walipogombana nchi iliharibika, na njaa ikaingia. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kitabu kuhusu ufalme huo mwaka 1974, aliifanya fikra hiyo ya kuponya na kuharibu nchi kuwa mhimili wa utafiti wake.

Ufalme ulifikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1862. Mamlaka yake yalifika hadi pwani, ambako yalikutana na yale ya Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848, na Richard Burton na John Speke walifika Vuga mwaka 1857, kabla ya safari yao ya Ziwa Tanganyika. Baada ya kifo cha Kimweri warithi wake walipigana kwa miaka mingi, bunduki na biashara ya watumwa zikauchochea moto huo, na Wajerumani walipofika waliikuta nchi iliyogawanyika.

Habari hizi zina umuhimu wa pekee kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi Usambara na kuwafahamu watawala wake, aliziandika katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kilichochapwa kwanza katika kituo cha misheni cha Magila, chini ya milima hii, na kuchapishwa tena mwaka 1962. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya historia ya ndani ya Afrika Mashariki vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Mzazi anayempeleka mwanawe Vuga humfikisha mahali ambapo fasihi yetu ya historia ilichota moja ya chemchemi zake.

Vuga ya leo haina ngome wala makumbusho makubwa. Mambo mengi yamehifadhiwa katika kumbukumbu za wazee, katika makaburi na katika majina ya mahali. Hilo lenyewe ni hatari. Jengo likibomoka mawe hubaki. Mzee akifariki kabla ya kusimulia hakibaki kitu. Kila mgeni anayeketi na kuuliza kwa adabu humpa kijana wa kijiji sababu ya kujifunza masimulizi hayo, kwa kuwa anaona kwamba yana thamani hata kwa watu wa mbali.

Amani, bustani ya sayansi

Usambara Mashariki hufikiwa kutoka Muheza kwa barabara ya kilomita thelathini na kitu inayopanda kupitia Sigi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina ukubwa wa zaidi ya hekta 8,000. Mwaka 2000 eneo la Usambara Mashariki lilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi hai ya binadamu na mazingira.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia. Walileta miti na mimea kutoka pande zote za dunia kuijaribu: viungo, mipira, mbao, matunda na dawa. Mkwinini, mti ambao gome lake hutoa dawa ya malaria, ulipandwa hapo, na katika Vita Kuu ya Kwanza ulitumika kutengeneza kwinini kwa ajili ya askari. Baada ya Waingereza kuondoka katika utafiti wa kilimo hapo, Amani iligeuka kuwa kituo cha utafiti wa malaria, kazi ambayo ilirithiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Matembezi katika bustani hiyo ya mimea ni somo lenye pande mbili. Upande mmoja ni faida ya udadisi wa kisayansi. Upande mwingine ni onyo: baadhi ya miti iliyoletwa ilikataa kubaki ilikopandwa. Mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, ambao kwao asili ni magharibi zaidi mwa Afrika Mashariki, ulienea katika msitu wa asili kwa kusambazwa na ndege wanaokula matunda yake, na sasa unashindana na miti ya zamani. Mgeni anayeelezwa jambo hili na mwongozaji mwenye ujuzi huelewa kwa nini hifadhi humkataza kuingia na mbegu au kutoka na miche.

Maji yanayoanzia msituni

Kuna sababu nyingine inayomfanya hata asiyepanga kwenda Usambara aijali. Mto Sigi, unaoanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, hujaza bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa Jiji la Tanga. Mto Umba huanzia katika msitu wa Shagayu, Usambara Magharibi, ukapita nyika kavu za kaskazini na kumwaga maji baharini upande wa Kenya, kwa hiyo wafugaji na wakulima wa nchi mbili huunywa. Mito ya upande wa Soni hushuka hadi Mkomazi na kuungana na Pangani, ambao maji yake huzalisha umeme.

Msitu hufanya kazi ya sifongo: hupokea mvua kubwa, huizuia isikimbie, kisha huiachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Miteremko ikibaki wazi, mvua hiyohiyo hubeba udongo, hufunga barabara kwa maporomoko ya ardhi na kuacha mito mikavu baadaye. Watu wa Usambara wanalijua jambo hili kwa uchungu, na historia yao ina funzo ambalo kila mpanga mipango ya utalii anapaswa kulisoma.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliendesha Mpango wa Usambara, uliowalazimisha wakulima kujenga matuta katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo, lakini amri ilitolewa bila ridhaa. Kazi ilikuwa nzito, iliwaangukia zaidi wanawake, na wengi waliogopa kwamba ardhi yao ingechukuliwa. Upinzani ulienea, na mwaka 1957 mpango huo uliachwa. Miongo iliyofuata, kuanzia mwaka 1980, mradi wa kuhifadhi udongo uliofadhiliwa na Ujerumani ulitumia njia nyingine: mistari ya majani ya guatemala pamoja na miti katika kingo za mashamba. Majani yalizuia udongo na pia yalilisha ng'ombe wa maziwa waliofungwa zizini. Mkulima aliyeona maziwa alikuwa na sababu ya kuitunza mistari hiyo. Msafiri makini ataiona hata leo katika vilima vingi, ikiwa kama michoro ya penseli.

Funzo ni kwamba uhifadhi hudumu pale mwenyeji anapoona faida yake. Utalii haujaachwa nje ya kanuni hiyo. Msitu ambao wanakijiji wanaambiwa wautunze kwa ajili ya macho ya wageni, huku kipato chote kikishuka Mombo na basi la jioni, hautapata walinzi wa kweli.

Namna ya kusafiri kwa manufaa ya wote

Tangu miaka ya 1990, kupitia Programu ya Utalii wa Utamaduni iliyoanzishwa kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, Lushoto imekuwa na waongoza watalii wa vijijini ambao ni wakulima, vijana na watu wazima wanaozijua njia na visa vya kwao. Kwa msafiri wa ndani, mambo yafuatayo yatamsaidia.

Kwanza, msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufanya njia za vumbi ziteleze na wakati mwingine zifungwe. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na ukungu. Mwenye kwenda wakati huo achukue sweta zito na koti la mvua. Septemba na Oktoba anga hutakata zaidi. Ukungu ukifunga Irente au Mtae asubuhi, subira ya saa mbili tatu mara nyingi hulipa.

Pili, kibali. Hifadhi za mazingira asilia zina kiingilio, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, si kwa fedha taslimu mkononi. Mgeni adai stakabadhi. Stakabadhi hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba fedha imeingia mahali inapostahili.

Tatu, mwongozaji. Hata mtu aliyezoea kutembea asiingie msituni peke yake. Njia hugawanyika, ukungu hushuka ghafla, na maporomoko ya maji yana mawe yanayoteleza. Bei ikubaliwe kabla ya safari, na malipo yafanywe kikamilifu. Mwongozaji wa kijiji ndiye mlezi wa karibu wa msitu.

Nne, adabu. Salamu hutangulia kila jambo. Mgeni ajifunze kwa mwenyeji wake salamu za Kishambaa, hata mbili tu, naye ataona milango ikifunguka. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, avae mavazi ya heshima vijijini, na asiingie makaburini wala mahali pa matambiko bila idhini ya wazee. Asiwape watoto fedha wala pipi njiani. Mwenye moyo wa kutoa apitie kwa uongozi wa shule au wa kijiji.

Tano, kutokuondoa kitu. Vinyonga, maua na miche si zawadi za kupeleka nyumbani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda mazao ya misitu, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kihistoria. Chupa za plastiki na mifuko irudi na aliyeibeba, na moto usiwashwe msituni, kwani katika kiangazi cheche moja hutosha kuteketeza kazi ya karne nyingi.

Sita, matumizi. Kula chakula cha mama lishe wa Soni, kulala katika nyumba ya wageni ya kijijini, kununua plamu kwa mkulima njiani na kutembelea shamba la chai la Bumbuli ni mambo madogo kwa mfuko wa mgeni. Kwa mwenyeji yana uzito wa ada ya shule.

Mgeni njoo

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina masharti mawili ndani yake: mgeni aje kweli, na kuja kwake kumponye mwenyeji. Kwa muda mrefu Usambara imetembelewa zaidi na wageni kutoka ng'ambo wanaolijua ua lake, ndege wake na vinyonga wake, huku sisi tukiipita dirishani tukielekea kwingine. Milima hii inatulisha mboga, inatunywesha maji, na imetupa moja ya historia za kwanza zilizoandikwa kwa Kiswahili.

Likizo ijayo, basi likifika Mombo, teremka. Gari la Lushoto hujaa upesi, na safari ya kupanda si ndefu.